Magugu Yaliyokataa Kufa

Mama Pulchérie hakuwa mtu wa kuamini mizani. Alizaliwa Nundu, kando ya ziwa Tanganyika, katika familia ya wakulima wa pamba, na alipokuwa na miaka tisa alimwona mnunuzi akiisukuma sahani ya mizani kwa goti, kutoka chini, wakati kikapu cha mama yake kikipimwa. Goti lilifichwa na gunia lililoning'inia, na watu wazima wote walikuwa wakitazama mshale. Yeye, kwa kimo chake, aliliona goti. Walipofika nyumbani alimsimulia mama yake, na mama akamwambia anyamaze, maana msimu ujao wangemuuzia mtu yule yule. Alinyamaza. Lakini tangu hapo hakukubali kipimo cha mtu bila kuuliza nani ameshika chombo, na amesimama wapi.

Alikua, akasoma, akafundisha hesabu katika shule ya msingi ya Baraka kwa miaka kumi na miwili. Mume wake alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Misisi na hakurudi. Wengine walisema amefukiwa na shimo, wengine walisema ameoa huko huko. Pulchérie hakuwaamini hawa wala wale. Alivaa nguo nyeusi nusu mwaka, kisha akaziweka. Shule ilipobaki bila mishahara na bila paa, alikwenda kuomba kazi kwenye shamba la majaribio katika bonde la Mutambala, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kwake. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1995.

Mkubwa wa shamba alikuwa agronomo, mtaalamu wa kilimo kutoka Bukavu, jina lake Bonaventure, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimwonyesha Pulchérie chombo ambacho wote pale walikiita aparei. Kilikuwa kisanduku cha rangi ya majivu, kidogo kuliko radio, kilichofungwa kwenye ncha ya fimbo ndefu. Chini yake kilikuwa na vioo viwili. Mpimaji anakishika juu ya majani, jua likiwa utosini, anabonyeza, na kisanduku kinasoma mwanga unaorudi kutoka kwenye jani.

"Jani lenye afya linakula mwanga mwekundu," Bonaventure alimweleza, "na linarudisha mwingine, ambao jicho letu halioni. Jani likigonjwa, mambo yanageuka. Aparei inalinganisha ile miwili, inakupa namba moja. Udongo mutupu utakupa kumi na tano, pengine ishirini. Mahindi ya nguvu, makumi nane. Na namba inaanza kuanguka mbele we hujaona jani likikuwa manjano."

Pulchérie alikizungusha kisanduku mkononi. "Na aparei yenyewe," akauliza, "nani anaipima?"

Bonaventure alifungua sanduku na kutoa sahani nyeupe, nyeupe kama chaki. Kila siku kabla ya kuanza, alisema, inabidi aparei ipimwe juu ya sahani hiyo, na ikileta namba tofauti na iliyoandikwa nyuma yake, basi hakuna kazi siku hiyo. Wiki iliyofuata Pulchérie alianza kazi. Agizo lilikuwa kupima sahani mara moja. Yeye aliipima mara mbili kabla ya kuanza na mara moja baada ya kumaliza.

Kazi ya shamba ilikuwa kujaribu dawa ya kuua magugu. Vilikuwa vipande ishirini na vinne. Vingine vililimwa kwa jembe, vingine viliachwa na magugu yake, na vilivyobaki vilipigwa dawa kwa vipimo vidogo vidogo, ili ijulikane ni kidogo kiasi gani kinatosha kabla ya kupanda mahindi. Aliyepiga dawa alikuwa Papa Darius, mvuvi wa zamani aliyeumia bega, mwenye pompa ya kubeba mgongoni. Aliyetunza dawa katika depo, ghala la shamba, alikuwa Papa Muhoza.

Muhoza alikuwa mtu wa milimani, wa Minembwe. Alishuka Baraka miaka minane kabla, akajenga, akakaa na mke wake Ikirezi karibu na kanisa lile lile la Kiprotestanti alilosali Pulchérie. Pulchérie na Muhoza waliimba kwaya pamoja, Muhoza upande wa sauti nzito. Kazini alikuwa mkali. Hakuna kikombe cha dawa kilichotoka depo bila kuandikwa katika kaye yake, daftari asiloliacha mbali, na aliyechukua ilimbidi atie sahihi, hata akiwa Bonaventure mwenyewe. Pulchérie alimheshimu kwa kaye ile kuliko kwa nyimbo.

Mwezi wa pili walipiga dawa duru ya kwanza. Siku ya nne namba zilianza kushuka, sabini, sitini, hamsini na tano, wakati kishonanguo na ndago bado vilionekana vya kijani kabisa machoni. Wiki mbili baadaye vipande vyote vilivyopigwa vilikuwa vimefika ishirini, na magugu yamelala chini, makavu. Darius aliyakanyaga na kusema kwamba mama yake, kama asingeinama na jembe miaka yote ile, angeishi mara mbili. Bonaventure aliandika ripoti ndefu.

Mwezi wa nne mambo yalikuwa yamebadilika, lakini si shambani tu. Radio ilikuwa imeanza kusema vibaya kuhusu watu wa milimani, kwamba si wa nchi hii, kwamba wanaficha silaha. Wanawake wa juu walioshuka sokoni na siagi na maziwa waliacha kushuka, wawili, kisha wote. Kikosi cha askari kilikuja kutoka Uvira na kuweka barieri, kizuizi cha njia, kwenye daraja la barabara iendayo milimani, kipande kidogo tu kutoka shambani. Walichukua sigara, walichukua kuku, walichukua bidoni, madumu ya watu ya kuchotea maji. Siku moja walimsimamisha Pulchérie na aparei yake. Ajida, mkubwa wao, mtu mnene mwenye sauti ndogo, alitaka kujua inaongea na nani.

"Haiongee na muntu, chefu. Inapima majani."

"Majani yanapimwa kwa macho," ajida alisema. "Elekeza hapa." Akamlazimisha kuishika juu ya kofia yake, na alipoona namba imetokea akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyethibitisha jambo. Akamwachia, lakini tangu siku hiyo kila alipopita karibu na barabara kulikuwa na askari mmoja aliyesimama na kumtazama mpaka amalize mstari.

Ndipo walipopiga duru ya pili, kwenye vipande vipya. Siku ya nne Pulchérie alipima, na namba ilikuwa sabini. Siku ya sita, sitini na mbili. Siku ya kumi ilifika hamsini, ikasimama, halafu ikaanza kupanda tena. Alipima sahani nyeupe mara tano. Sahani haikuwa na tatizo. Alipeleka kaye kwa Bonaventure.

Bonaventure aliipitia kaye akiwa amesimama, akakaa, akaipitia tena. "Mama Pulchérie, hizi namba ni za kweli?"

"Ni za kweli, agronomo."

"Basi ile dawa haiko dawa tena. Muntu ametia mayi ndani ya bidoni, dawa amepeleka kwingine." Alishusha sauti. "Ufunguo wa depo uko na muntu moja tu."

Bonaventure akavua miwani. "Umeona kintu? Sema tu. Itabaki kwetu."

Alikuwa ameona kitu, na hicho kitu kilikuwa kimemkaa moyoni wiki tatu. Jumamosi mbili mfululizo alimwona Muhoza juu ya baiskeli, amefunga bidoni ya njano nyuma, anapita njia ya mashamba ya mihogo badala ya barabara, kuelekea milimani. Mara ya pili walikutana uso kwa uso. Muhoza alimsalimu haraka na hakushuka kwenye baiskeli, yeye ambaye kwa kawaida hushuka hata kwa mtoto.

Alimwambia Bonaventure. Alisema siku, alisema rangi ya bidoni, alisema njia. Alisema kwa usahihi ule ule aliozoea kuandikia namba.

Jumatatu kufuli la depo lilikuwa jipya. Muhoza alisimama mbele ya mlango na ufunguo wake usioingia, na kabla hajauliza, askari wanne walikuwa wamekwisha kufika. Bonaventure aliapa baadaye kwamba hakuwaita, na huenda ni kweli, maana bondeni mle maneno yalikuwa na miguu yao. Waliuliza bidoni. Muhoza alisema hakuna bidoni. Hilo ndilo lililomwangusha, kwa sababu bidoni walikuwa wameshaikuta nyumbani kwake, tupu. Walimpeleka darajani, katika nyumba ya udongo waliyoifanya mahabusu. Ikirezi alifuata nyuma na mtoto wa miezi miwili mgongoni, na watu wa bondeni walisimama milangoni wakimtazama apite. Pulchérie alikuwa mmoja wa waliosimama. Alijiambia kwamba kama mtu ameiba, ameiba.

Siku tatu hakulala vizuri, akafikiri ni homa. Siku ya nne alifungua kaye ya vipimo na kaye ya Muhoza, akaziweka sambamba, kama alivyokuwa akifanya na madaftari ya watoto wawili walioketi dawati moja. Alitafuta siku ambayo wizi ulianza. Badala yake akakuta kitu kingine. Tarehe ishirini ya mwezi wa nne kulifunguliwa bidoni mpya, yenye muhuri. Aliikumbuka vizuri. Yeye mwenyewe alikuwepo, na Muhoza alimwita aushike muhuri kabla haujakatwa, kisha wakatia sahihi wote wawili. Dawa ya bidoni ile ilipigwa siku ile ile, kwenye vipande sita. Akatafuta namba za vipande hivyo sita. Navyo vilikataa kufa.

Hakuna mtu anayetia maji ndani ya bidoni yenye muhuri.

Alifunga kaye. Jua lilikuwa lile lile, aparei ile ile, magugu yale yale. Akatoka kumtafuta Darius, akamkuta chini ya ukuta wa depo akisafisha mdomo wa pompa kwa unyasi.

"Papa Darius, mwezi wa pili ulipiga namna gani?"

"Vile vile."

"Pompa ni hii hii?"

"Ni hii."

"Na mayi?"

Darius aliendelea kusugua. "Mayi ni mayi, mama."

"Unachota wapi?"

"Imeandikwa ndani ya kaye. Ku chemchemi."

"Najua imeandikwa. Mi nakuuliza unachota wapi."

Darius aliweka pompa chini. Chemchemi ambayo agronomo aliamuru itumike ilikuwa chini ya mlima, ng'ambo ya daraja. Alitazama upande wa daraja, halafu akatazama mikono yake. "Mama, barieri iko pale. Mara ya kwanza bamenipokonya bidoni mbili. Mara ya pili bamenichapa ku bega hili hili. Nikasema, kwa nini? Ziwa liko hapa, mayi ni safi, siye wote tunakunywa. Nikachota ku ziwa. Ndani ya kaye nikaandika chemchemi, sababu agronomo alisema chemchemi."

"Tangu lini?"

"Tangu barieri."

Mtu mwingine angeona hapo hakuna jambo, maana maji ya ziwa Tanganyika ni mazuri kuyatazama kuliko ya chemchemi. Lakini Pulchérie alifua nguo zake mwenyewe. Alijua tangu utoto kwamba ukifulia ziwani sabuni inaisha upesi, na povu linakuwa jembamba, linakufa mkononi; ukifulia maji ya mlimani kipande kile kile kinakaa wiki. Kulikuwa na kitu ndani ya ziwa kilichokamata sabuni. Alijiuliza kama kinaweza kukamata dawa.

Alikwenda kwa Bonaventure kuomba dawa, nusu gilasi tu. Bonaventure alimsikiliza akichezea kufuli jipya. Alipofika kwenye habari ya sabuni, mkono wa agronomo ulisimama.

"Chumvi za ndani ya mayi," alisema polepole, kama anajisemea. "Zinafunga dawa. Nilisoma hiyo kintu ku shule, Yangambi. Nilisoma, na nikasahau." Akamtazama. "Nani mwingine anajua?"

"Darius."

"Pima. Lakini usiseme kwa muntu."

Maji ya chemchemi aliyaleta mwenyewe, akipita darajani na ndoo kichwani kama mwanamke yeyote anayetoka kuchota, na askari hawakumtazama mara mbili kwa sababu hakuwa na aparei. Karibu na nyumba ya udongo alisikia mtu akikohoa ndani, kikohozi kizito. Hakugeuza kichwa, ndoo ilikuwa imejaa.

Darius alipiga mistari miwili ya magugu, hatua ishirini kila mmoja, dawa ya bidoni moja, kipimo kimoja, pompa ikisuuzwa katikati. Mstari wa kushoto maji ya ziwa, wa kulia maji ya chemchemi. Halafu wakangoja. Siku ya nne, mstari wa ziwa, sitini na tisa. Wa chemchemi, hamsini na nane. Kwa macho yote miwili ilikuwa kijani kile kile, na Darius alitikisa kichwa kwamba hakuna tofauti. Siku ya saba, sitini, na thelathini na saba. Siku ya kumi Darius hakuhitaji tena namba. Alisimama katikati ya mistari, kushoto kwake majani yakipepea, kulia kwake yamekuwa kahawia, na akavua kofia.

"Basi ni miye," alisema.

"Si wewe. Ni barieri," Pulchérie alimwambia. Lakini alijua kuna mtu wa tatu ambaye hakumtaja, yeye mwenyewe.

Bonaventure alikuja, akaona, akaandika namba zote katika kaye yake kwa mwandiko mzuri. Pulchérie akamuuliza atakwenda saa ngapi darajani. Bonaventure alifunika kalamu.

"Mama, nikienda pale nikisema muntu wa juu haiko mwizi, bataniuliza: we unamutetea sababu gani? Miye ni mugeni hapa kama yeye. Namba haina kabila. Miye niko nayo."

"Kwa hiyo tutanyamaza."

"Nitatuma ripoti Bukavu."

"Ripoti itafika lini?"

Pulchérie akasikia sauti ya mama yake, miaka thelathini nyuma, ikimwambia kwamba msimu ujao watamuuzia mtu yule yule. Alichukua aparei, akachukua kaye, akashika barabara.

Ajida alikuwa ameketi juu ya kreti, ananyoa ndevu kwa kioo kidogo. Pulchérie alimsimulia yote kwa utaratibu: muhuri, ziwa, sabuni, mistari miwili. Alitarajia kufukuzwa. Ajida alifuta shavu, akasema anataka kuona kwa macho yake, na wakaenda, yeye na askari wawili, mpaka shambani. Alitembea kwenye mstari wa kijani kwenda na kwenye mstari mkavu kurudi. Akainama, akang'oa jani bichi, akang'oa kavu.

"Ni kweli," alisema. "Hakuna mwizi wa dawa."

"Basi Papa Muhoza anaweza kutoka."

Ajida alimtazama kwa upole uliomtisha kuliko ukali. "Mama, habari ya dawa ni ya agronomo. Yangu ni bidoni. Muntu anapita njia ya mihogo na bidoni, anakwenda kwa bandugu yake ba kule juu, nikimuuliza anasema hakuna bidoni. Alikuwa anabeba nini? Risasi? Barua? Hiyo aparei yako inaweza kuniambia?" Alitupa majani. "Na bidoni, nani alitujulisha? Ni we. Umeona vizuri sana, siku, rangi, njia. Ninakushukuru."

Walirudi darajani, yeye akabaki kati ya mistari miwili. Neno alilolisema kwa Bonaventure, lile lililopaswa kubaki kwao, halikuwa na sahani nyeupe ya kulirudishia sawa.

Alirudi kwa ajida siku ya pili, na ya tatu, na ya tano. Alisema kwamba pengine aliona vibaya. Ajida alisema mtu anayeona vizuri Jumatatu haoni vibaya Ijumaa. Watu wa kanisani walianza kumuuliza kwa nini anakwenda darajani kila siku, anapewa nini huko, anawapelekea nini. Mwenzake wa kwaya, Godelieve, alihama benchi. Watu wale wale waliosimama milangoni kumtazama Ikirezi sasa walimtazama yeye, na aparei begani mwake iliwazidishia maneno. Bonaventure alimwomba aiache ofisini.

Kilichomtoa Muhoza hakikuwa namba. Watu wa ukoo wake walishusha ng'ombe wawili usiku mmoja mpaka karibu na daraja, na asubuhi ajida aligundua kwamba kesi haina ushahidi. Hayo yalikuwa mwezi wa saba.

Muhoza alifika shambani mchana huo huo kuchukua koti lake lililobaki depo. Alikuwa amekonda, na jicho moja halikufunguka vizuri. Bonaventure alimpa mkono na kuanza kueleza habari ya maji, chumvi, barieri. Muhoza alimsikiliza hadi mwisho kwa adabu. Kisha akauliza kaye yake iko wapi. Akaipitia, akaona kwamba kuna vikombe vilivyotoka bila sahihi tangu aondoke, akaifunga.

Pulchérie alimfuata mpaka kwenye njia. "Papa Muhoza. Ile habari ya bidoni, ni miye niliisema."

"Ninajua, mama. Balinisomea jina lako."

Alisimama. Pulchérie alikuwa amejitayarisha kwa hasira yake, na hasira haikuja. "Ilikuwa na nini?" akauliza, na papo hapo akajuta, maana hata sasa bado alikuwa anataka kujua.

"Chumvi," Muhoza alisema. "Bamama ba kule hawawezi tena kushuka soko. Batoto hawana chumvi. Nilikuwa napandisha chumvi, nashusha maziwa, sababu Ikirezi alikuwa amezaa. Ungeniuliza pale kwenye mihogo, ningekuambia."

"Ulinisalimu mbio mbio. Hukushuka ku baiskeli."

"Niliogopa."

"Miye?"

"Bote," Muhoza alisema. Akavaa koti ingawa kulikuwa na joto. Kesho yake yeye na Ikirezi na mtoto walipanda kwenda Minembwe, na nyumba yao ikang'olewa mabati kabla ya wiki kwisha.

Mwezi wa tisa vita vilifika. Watu wa milimani waliokuwa wamebaki Baraka walikamatwa, na wengi wao hawakuonekana tena. Halafu bunduki zilianza upande wa pili, na waliokimbia sasa walikuwa watu wa ziwani. Bonaventure aliondoka kwa miguu kuelekea kaskazini na hakuna aliyesikia habari zake. Depo ilivunjwa, na waporaji wakamwaga dawa ili wapate bidoni. Aparei Pulchérie aliiona kwa mara ya mwisho juu ya bega la askari asiyemjua, ambaye alikuwa ametoa vioo vyake na kuvivaa shingoni. Darius, mvuvi wa zamani, alitafuta mtumbwi, na yeye na Pulchérie wakavuka pamoja na watu kumi na saba kwenda Kigoma. Pulchérie alikaa kambini upande wa Tanzania miaka minane. Alifundisha hesabu huko. Habari za mauaji ya Makobola, ya mwisho wa mwaka 1998, zilimfikia huko. Alikuwa na binamu pale, na akaacha kuwa nao. Darius alikufa kambini kwa kifua.

Alirudi Baraka mwaka 2005. Nyumba yake ilikuwa na watu wengine, akajenga nyingine nyuma ya kanisa. Shamba la majaribio lilikuwa msitu wa matete. Alilima mihogo na karanga, na alikuwa mkali kwa watu: mtu akimwambia fulani ameiba, alimuuliza umeona nini, ukiwa umesimama wapi, na yeye umemuuliza? Watu walimwona mama mgumu. Wengine walisema ni mambo ya zamani, kwamba wakati wa vita vya kwanza alikuwa anawafanyia askari kazi na chombo fulani. Hakukana. Angeanzia wapi?

Baadaye watu wa juu walianza tena kushuka siku za soko, wachache, wanaume kwanza, na ng'ombe na siagi, wakikaa upande mmoja wa uwanja na kuondoka mapema. Pulchérie alianza kwenda huko. Aliuliza Muhoza wa Minembwe, aliyekuwa magazinie, mtunza depo, bondeni. Mmoja alimwambia alikufa mwaka 1999. Mwingine alimwambia hapana, huyo aliyekufa ni Muhoza mwingine, wako wengi. Miezi ikapita hivyo.

Siku moja alimkuta mwanaume wa makamo anauza siagi katika kopo, Rukunda, na akamuuliza kama alivyowauliza wengine. Rukunda alifunika kopo.

"We ni nani, mama? Unamutafutia nini?"

Alikuwa amejibu swali hilo mara nyingi kwa kusema ni rafiki, tuliimba pamoja. Safari hii alisema jina lake, Pulchérie, wa shamba la Mutambala. Akasema kwamba yeye ndiye aliyepeleka neno la bidoni, kwamba neno lilikuwa la kweli na maana yake ilikuwa ya uwongo, na kwamba anataka tu kujua kama mtu yule yuko hai na mtoto wake alikua.

Rukunda alimtazama muda mrefu, uso, mikono, miguu yenye udongo, tena uso. Watu wawili wa kwake walisogea karibu.

"Simujue," akasema. "Sijawahi kumusikia."

"Ni sawa, papa."

"Simujue kabisa. Hata mutoto wake simujue, yule binti."

Pulchérie alikuwa hajasema kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Alitazama chini haraka ili uso wake usionyeshe kwamba amelisikia, akanunua siagi, akashukuru, na akaondoka uwanjani bila kuuliza neno lingine.